Jina la Tatu

Kiabakari, Butiama
12 Machi 2023

Mdogo wangu Clementi,

Naanza kwa kukusalimu wewe, wifi yangu Mary na mgongo wako, maana nasikia siku hizi nao ni mtu wa tatu katika nyumba yenu. Sisi huku tunaendelea. Mvua imeanza kwa kusuasua. Ng'ombe wa jirani ameingia kwenye mihogo yangu mara mbili, na mwenyewe anaapa kwamba ng'ombe huyo si wake, ingawa jioni anamfunga nyumbani kwake.

Nimempa Rebeka barua hii kwa sababu simu ya nyumba hii ikilia wanasikiliza wote, hata kuku. Halafu mimi na wewe tumeandikiana tangu ulipokwenda chuo cha ualimu, nimeshazoea kukuona kwenye mwandiko. Rebeka anakwenda Musoma kila Alhamisi kuchukua dagaa wake wa kuuza na anarudi kesho yake. Barua itanuka dagaa. Mimi harufu hiyo sijawahi kuichukia.

Sasa lililonifanya niandike. Unajua kwamba tangu Desemba natibiwa kwenye ile kliniki ya macho ya Bunda, ile yenye geti la bluu. Daktari aliniambia ni presha ya macho. Haiumi, inakula macho polepole kutokea pembeni, na kilichokwisha kuliwa hakirudi. Kinachoizuia ni matone, asubuhi na jioni, bila kuruka siku. Mwanangu Gody aliniandikisha kwenye bima yake ya ualimu, kwa hiyo nilikuwa nikifika naonyesha kadi, najaza fomu, napewa matone, narudi zangu. Wiki iliyopita nimefika dirishani, badala ya matone nikapewa karatasi. Nimeiweka humu ndani. Inasema nadaiwa laki nne na elfu thelathini. Kuna kitu kinaitwa "ada ya mwendelezo wa faili", sijui kama nilikunywa au nilipaka. Mpaka nilipe, hakuna matone, na chupa niliyo nayo itafika Pasaka.

Isome wewe uliyesoma, unieleze. Usimwambie Gody. Huko Kigoma anajenga, akisikia atakopa.

Dada yako,
Jenoveva


Mwisenge, Musoma
23 Machi 2023

Dada Jenoveva,

Shikamoo. Mary anakusalimu, mgongo nao unakusalimu. Hapa ziwa limechafuka wiki nzima na sato wamepanda bei, basi tunakula maharage na kusifia afya zetu.

Karatasi yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza kwa miwani, mara ya pili kwa hasira. Huo ni wizi wa mchana! Mtu ana kadi, kadi ni hai, miezi mitatu wanampokea kwa tabasamu, mwezi unaofuata wanamletea bili kama ya harusi. Mimi nimekuwa mwalimu miaka thelathini na minne na nimesahihisha hesabu za kila aina ya mtoto, lakini hesabu hii sijui mwanafunzi wake alikaa dawati gani. Wamekutoza kipimo cha mashine mara tatu, na wewe uliniambia mwenyewe kwamba mashine ulikalishwa mara moja.

Nimeuliza matone hayo kwenye maduka ya dawa hapa Mwisenge. Hawana. Wanasema ni ya kuagiza, na lazima cheti cha daktari wako. Kwa hiyo Jumatatu nakwenda Bunda mwenyewe. Nitavaa koti.

Wewe usiwaze. Punguza matone kidogo kidogo usiyamalize, halafu uniachie mimi.

Mdogo wako,
Clementi


Kiabakari, Butiama
2 Aprili 2023

Clementi,

Leo ni Jumapili ya Matawi, nimerudi kanisani sasa hivi na miguu imejaa vumbi. Barua yako imechelewa kwa sababu Rebeka alikuwa na homa. Amepona. Mtama umeota vizuri. Mjukuu wa wifi yangu Ghati amepata meno mawili kwa mpigo na anauma kila anayemshika.

Usiende Bunda. Najua umeshavaa koti katika mawazo yako, lakini livue. Nimefikiri na nimeona jambo hili tuliache. Macho haya yameona mengi, yamemwona hata baba yetu Bernado akicheza ngoma, sina deni nayo. Kuna bibi hapa anatumia maji ya majani fulani, anasema yanapoza.

Nimesema tuliache. Usiniulize kwa nini.

Jenoveva


Mwisenge, Musoma
20 Aprili 2023

Dada yangu mpendwa,

Heri ya Pasaka, hata kama imepita. Tulikula kuku, akatosha, jambo ambalo halijatokea tangu watoto wawe wakubwa.

Barua yako ya kunikataza imenikuta nimeshatoka Bunda. Basi nikueleze. Dirisha la kwanza wakasema niende la pili. La pili wakasema mfumo umelala, nisubiri uamke. Nikakaa kwenye benchi na akina mama waliozibwa jicho moja, kila mmoja ana karatasi kama yako mkononi. Mmoja ametoka Ramadi, ametozwa kitanda wakati hakulala. Saa saba mfumo ukaamka, mhasibu akaenda kula. Alipofika nikamwambia ninachofikiria kuhusu mwendelezo wa faili, kwa sauti ambayo nilikuwa naitumia darasa la sita B. Akasema, "Mzee, bima ndiyo imekataa kulipa, siyo sisi. Fomu zake zote zimerudishwa." Nikauliza zimerudishwa kwa nini. Akamwita yule binti wa dirishani anieleze.

Alinieleza. Ni kasoro kwenye fomu, basi. Wanasema bima itapokea masahihisho, ila lazima uende wewe mwenyewe, mbele yao. Mengine nitakwambia tukionana.

Majani ya yule bibi acha kabisa, nakuomba.

Dada, nimekuwa nikikumbuka nyumbani sana siku hizi. Yule mbwa wetu wa zamani aliitwaje? Na ni mwamba gani ulipasua mtumbwi wa baba, mwaka ule tulipokaa bila samaki? Na siku nilipofaulu darasa la saba mama alipika nini? Mimi nimesahau. Niandikie kwa kirefu, tafadhali, usiruke hata swali moja.

Wako,
Clementi


Kiabakari, Butiama
7 Mei 2023

Clementi wangu,

Umenifurahisha mpaka nimeahirisha kupalilia. Miaka mingapi tumeandikiana habari za mvua na magonjwa, na hujawahi kuniuliza kitu kama hicho!

Mbwa aliitwa Simu. Baba ndiye aliyempa jina hilo, kwa sababu alikuwa anabweka kabla mgeni hajafika kona. Alikufa mwaka ule uliopata surua, ukalia zaidi ya ulivyolia kwa surua. Mwamba ulikuwa ule mrefu wenye mavi meupe ya ndege, upande wa kushoto ukitoka ufukweni kwetu, na siyo mwamba uliopasua mtumbwi bali ni baba aliyekuwa anamwimbia mama akiwa majini, akasahau kugeuza kasia. Mama alikuwa amesimama pwani anafua. Alimtazama anavyozama, akamwambia, "Malizia wimbo basi." Ulikuwa mdogo, wewe ulichokumbuka ni njaa tu.

Siku uliyofaulu mama alipika furu, wale samaki wadogo wa ziwani, wa kukausha kwa karanga, na wali wa kuazima. Wali uliazimwa kwa Katekista. Nilitumwa mimi kuufuata na bakuli la bluu, na njiani nikauonja mbichi. Unakumbuka tulivyokuwa tunakwenda misa Nyegina na viatu mkononi? Tunafika pale kwenye mti wa mwisho, tunafuta miguu kwa majani, tunavaa, tunaingia kanisani kama watoto wa karani. Wewe vyako vilikuwa vya binamu, vilikutangulia hatua moja. Padri akisema tupige magoti, viatu vinabaki vimesimama. Nimecheka peke yangu hapa mpaka Ghati amechungulia dirishani.

Wakati mwingine natamani niamke asubuhi moja tu kule, nisikie mama anapuliza moto, nisiwe na umri wowote. Halafu nilale tena huku nilikozeeka, sitalalamika.

Macho yako hivi hivi. Nikitazama taa naona duara linaizunguka. Upande wa kushoto kuku anatokea ghafla, kama ameshuka kutoka juu. Matone yaliisha wiki ya Pasaka. Bunda siendi, Clementi, usinisukume.

Uliza tena ya nyumbani.

Dada yako,
Jenoveva


Mwisenge, Musoma
25 Mei 2023

Dada Jenoveva,

Barua yako nimemsomea Mary, amecheka kwa habari ya viatu mpaka ameshika ukuta. Kuhusu wimbo wa baba sikuwahi kujua. Nimekaa ufukweni hapa Mwisenge jioni mbili nikiufikiria.

Sasa niulize ya karibuni. Gody alizaliwa mwaka gani na siku gani ya wiki? Paroko wenu wa sasa anaitwa nani? Ukitoka kwako kwenda kisimani unapita kwa nani kwanza, halafu kwa nani? Juzi Jumapili ulikula nini? Jibu bila kumuuliza mtu, ni mchezo tu.

Kuku anayetokea ghafla ameninyima usingizi. Dada, kilicholiwa hakirudi, ni wewe uliyeniandikia. Nikuletee hizo pesa? Mary ana akiba ya kikundi, amekubali. Tulipe tu, tupate matone, ugomvi tutaumalizia baadaye. Niambie neno moja, ndiyo au hapana.

Wako,
Clementi


Kiabakari, Butiama
11 Juni 2023

Clementi,

Hujambo. Sisi hatujambo. Salamu zimeisha.

Gody alizaliwa mwaka sabini na saba, siku ya Jumamosi, saa nne asubuhi, mvua ikinyesha. Kisimani napita kwa Nyamburi, halafu kwa mjane wa fundi. Jumapili nilikula ugali na mlenda. Na jana wifi yangu Ghati amekuja na simu yake, akanisomea ujumbe uliomtumia wewe. Ulimuuliza kama naunguza vyungu. Ulimuuliza kama nimewahi kupotea njia. Dada wa marehemu mume wangu hajawahi kutunza siri tangu azaliwe, ungemuuliza mimi ningekwambia.

Kumbe hukuwa unakumbuka nyumbani. Ulikuwa unanipima kichwa. Nami nikakuandikia kurasa nne usiku na mchana, jicho linatoka machozi kwa kutazama mistari, nikidhani mdogo wangu amenikumbuka. Umeniumiza, Clementi. Sikufichi.

Nimekaa nikajua ni yule binti wa dirishani. Amekwambia sijui jina langu. Basi sikiliza, nitaandika mara moja tu.

Fomu yao ina mistari mitatu, na lazima mgonjwa ajaze kwa mkono wake, kama kadi ilivyo. Gody aliniandikisha kwa majina ya kwao. Mstari wa kwanza nikaandika Jenoveva. Wa pili nikaandika Ryoba, maana mume unaweza kumtaja, hasa ukikasirika. Wa tatu ni jina la baba yake Ryoba. Pale kalamu ilisimama. Nimeolewa katika boma hili mwaka sabini na sita, na jina la yule mzee halijawahi kutoka kinywani mwangu wala mkononi mwangu, akiwa hai wala akiwa kaburini. Wewe unajua kwamba mke wa huku hamtaji baba mkwe. Nikaandika Bernado, jina la baba yetu, nikaona nalo ni jina halali, si ndiye aliyenizaa? Mara ya kwanza wakapokea, ya pili wakapokea, ya tatu wakapokea. Mwezi wa Machi yule binti akaniambia kwa sauti mbele ya benchi zima, "Bibi, taja majina yako matatu." Nikataja mawili. Akasema la tatu. Nikatazama chini. Akauliza tena. Kisha akasema, "Bibi, hata jina lako mwenyewe hulijui? Au kadi ni ya kuazima?" Watu wakacheka. Mwanamume mmoja akasema wazee hawa wasiachwe kusafiri peke yao.

Sikukwambia kwa sababu nawe ulikwisha kunicheka. Umesahau? Ulikuja kunisalimia ukiwa na sare ya shule, mimba ya Gody haijaonekana bado. Ukanifuata mpaka zizini unasema, "Dada, mkwe wako anaitwa nani? Sema nikupe peremende." Ulilitaja wewe mara tano huku unaruka, mpaka nikakimbilia nyuma ya ghala nikalia. Halafu ulipokuwa mwalimu ukaja kuniambia huu ni ujinga wa kizamani.

Sasa nikwambie kisichokuwa cha kizamani. Nilipokuja hapa nilikuwa msichana wa ziwani, na watu wa boma hili walikuwa wa ng'ombe. Samaki kwao alikuwa harufu. Mimba ilipokuja, maziwa hayakupita, ugali haukupita, nikawa nakonda, na mama mkwe akawa anasema labda wamempa mwanawe mwanamke mgonjwa. Jumamosi moja yule mzee alipanda baisikeli kabla ya mapambazuko, akaenda Musoma, akarudi jioni na samaki watatu aina ya ningu wamefungwa kwa kamba kwenye usukani, mbwa wa njia nzima wakimfuata. Hakuweza kunikabidhi mkononi, heshima haikuruhusu. Aliwaweka juu ya kigoda mlangoni pangu, akakohoa mara mbili, akaenda kukaa mbali kule getini na pua yake. Alifanya hivyo kila Jumamosi mpaka Gody alipozaliwa. Wenzake walimwita mvuvi, akacheka nao. Hatujawahi kusemezana juu ya samaki hao hata siku moja, kwa sababu mkwe na mke wa mwana hawasemezani hivyo. Nilikuwa na shukrani na sikuwa na mahali pa kuipeleka. Kutolitaja jina lake ndiko kulikuwa kumshukuru kwangu, kila siku, miaka arobaini na saba.

Basi niambiwe dirishani na mtoto aliyevaa kucha za kubandika kwamba silijui. Nalijua kuliko anavyojua la kwake.

Pesa ya Mary isiguswe. Jibu ni hapana.

Jenoveva


Mwisenge, Musoma
15 Juni 2023

Dada,

Shikamoo, na shikamoo tena, na ya tatu ni ya zizini.

Nimesoma barua yako nimesimama mlangoni na Rebeka bado hajashusha mzigo wake. Nikaingia ndani nikakaa kitandani na Mary akadhani nimepata msiba. Nisamehe. Nilicheka nikiwa mtoto, halafu nikacheka nikiwa mtu mzima mwenye cheti, na la pili ndilo baya zaidi. Peremende yenyewe nilikuwa nimeshaila.

Lakini nikuambie kwa nini nilikupima, siyo kujitetea. Yule binti aliniambia, "Mzee, dada yako tulimuuliza jina lake mara tatu, anatazama chini tu. Mpelekeni apimwe kichwa." Wewe mwisho wa mama hukuuona wote, ulikuwa huko na watoto wadogo. Mimi ndiye niliyekaa naye. Kilichoanza kumtoka kilikuwa jina. Asubuhi moja aliniita Bernado, akaniuliza nimeuza samaki kwa shilingi ngapi, na nilipomwambia, "Mama, ni mimi Clementi," akaangalia chini vile vile, kwa aibu, kama mtu aliyekamatwa. Mama yetu Ursula, aliyejua uzao wa kila mbuzi wa kijiji. Mwaka mmoja baadaye hakujua kijiko ni cha nini. Basi nilipoambiwa umetazama chini nilimwona yeye. Sikuthubutu kuliandika. Nikaanza maswali. Kila jibu lako lilipokuja sahihi nilimshukuru Mungu, halafu ndani ya siku mbili hofu inarudi, nauliza tena. Na wewe ukiwa huna matone. Nilikuwa nalinda kichwa ambacho hakiumwi, macho yanaondoka.

Ya mbwa na ya wimbo, hata hivyo, nilitaka kweli kuyasikia. Nimezihifadhi kurasa hizo pamoja na vyeti vyangu.

Sasa tufanye nini? Mimi sifungwi na mwiko wenu, naweza kuja Bunda nilitaje mimi. Sitaliandika hapa, najua ukisoma unasogeza midomo. Au uandike tu, wino siyo mdomo. Au useme unavyotaka wewe, mimi nitafuata. Ila tusipoteze wiki nyingine, dada. Nakuomba kwa magoti, viatu na vyote.

Mdogo wako asiye na akili,
Clementi


Kiabakari, Butiama
23 Julai 2023

Mdogo wangu,

Amani kwako na kwa Mary. Mtama tumevuna, magunia matano. Jirani amekubali hatimaye kwamba ng'ombe ni wake, baada ya ng'ombe kuzaa.

Barua yako nilimsomea Ghati, nikijua kijiji kizima kitasikia, na kwa mara ya kwanza sikujali. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akakasirika. Alikasirika na mimi! Akasema, "Kwa nini umuite Clementi? Clementi ni wa kwenu. Huyo mzee ni baba yangu mimi. Mimi ndiye nilikuwaga namshikia baisikeli akienda kukutafutia hao samaki wako." Sikujua kwamba alikuwa anajua. Watoto wote wa boma walijua, kumbe, na waliambiwa na baba yao wanyamaze wasiniaibishe.

Tulikwenda Bunda tarehe nne, mimi na yeye, amevaa gauni lake la kipaimara cha mjukuu. Binti ni yule yule. Akaniambia, "Bibi, majina matatu." Nikataja mawili. Kabla hajafungua mdomo Ghati akaweka viwiko vyote viwili dirishani, akalitaja la tatu, kwa sauti ya kuita ng'ombe. Benchi zima liligeuka. Akasema, "Andika vizuri, mwanangu. Huyo ni baba yangu mzazi. Na huyu hapa ni mke wa kwetu, halitaji kwa heshima, siyo kwa ujinga. Ukimcheka tena nitaanza kuuliza la baba mkwe wako wewe." Binti akasema kanuni inataka mgonjwa mwenyewe athibitishe. Ghati akanitazama. Nikasema, "Ndilo." Neno moja. Na kwenye fomu mhasibu alichapa majina kwa mashine, mimi nikaweka dole gumba.

Sikuwa nimesikia jina lile likitamkwa kwa sauti tangu padri alipolisema kaburini. Nililia, Clementi. Nililia pale pale dirishani na sikuona aibu. Nilimwona na baisikeli.

Bima imelipa yote, ujumbe umefika kwenye simu ya Ghati. Hata hivyo kliniki walitaka elfu kumi na mbili ya kufungua faili upya. Ghati aliwaambia faili walilifunga wao, basi walifungue wao. Sijui iliishia wapi, lakini tulitoka na matone chupa mbili.

Daktari alinikalisha kwenye mashine muda mrefu. Aliniuliza, "Mama, miezi mitatu bila dawa, kwa nini?" Mimi nilinyamaza kwa aibu, wewe kwa hofu ya mama, na ugonjwa haukuwa na habari na sisi. La kulia amesema limebaki karibu lote, nitakufa nalo nikiyatunza matone. La kushoto limekwisha. Siyo kwamba linaumwa. Halipo tu, kama mlango uliojengewa ukuta. Sikulaumu, nawe usijilaumu, na yule binti naye nimemwachia. Nimeshajifunza kugeuza shingo.

Njoo Agosti shule zikifunga, Gody naye atakuwepo, nimemwambia yote. Leta samaki. Tutakaa pale nje mchana kutwa unisimulie mama alivyokuwa mwisho wake, sehemu ambayo sikuiona, na usinifiche kitu. Ukifika, kaa upande wangu wa kulia, nikuone.

Dada yako,
Jenoveva